Karavani ya Dada Time

Kiwalani, Dar es Salaam
9 Januari 2024

Kwa Dada Time,

Shikamoo. Natumai u mzima na nyumba nzima haijambo. Sisi huku hatujambo, na wifi yako Safia anakusalimu.

Safia ameniambia kwamba mlipoongea kwenye simu ulilalamikia macho, kwamba vitundu vya kofia sasa unavishona kwa kubahatisha. Nimekutumia miwani ya kukuza. Inavaliwa kichwani kama utepe na ina taa mbele. Ilikuwa ya mhandisi mmoja mgeni aliyefanya kazi hapa kwenye hanga letu la ndege. Mkataba wake umekwisha, amerudi kwao, na vitu vyake ametugawia. Mimi mtunza stoo ya vipuri nikaangukiwa na shehena nzima ya maboksi.

Miwani nimeifunga ndani ya boksi moja lenye picha ya ndege. Humo mna vipande vya plastiki vya ndege ndogo ya kuunda kwa mkono, mchezo wa watu wazima wenye nafasi. Vipande hivyo vitupe. Nimeviacha ili miwani isigongwegongwe njiani.

Mzigo utaupata kwa Sudi, yule wa mizigo hapo uwanja wa ndege wa Kilindoni. Mtajie jina lako tu.

Mdogo wako,
Matano


Baleni, Mafia
28 Januari 2024

Matano,

Marahaba. Miwani imefika, na wallahi nimeona! Nimeuona uzi, nimeiona ncha ya sindano, nimeona mpaka uchafu wa kucha zangu nikaona haya. Mungu akuzidishie.

Sasa kaa chini. Vile vipande sikuvitupa.

Nilivimwaga mkekani nione ni kitu gani. Vimeshikana kwenye vijiti kama ndimu kwenye matawi, kila kimoja na namba yake. Kuna gurudumu dogo kama punje ya mtama! Nikasema nijaribu viwili tu, nione vinakaliana vipi. Nilipoinua kichwa adhana ya alasiri inalia, muhogo umeungulia jikoni, na mbele yangu kuna ndege. Haijakamilika, lakini ndege. Ina mkia, ina pua, ukiishika kiunoni mkono unataka kwenda juu wenyewe.

Ile karatasi yake haina maneno, ina picha na mishale. Mimi hiyo naisoma vizuri kuliko gazeti, maana ndivyo tunavyosoma ruwaza ya kofia. Makosa nimefanya. Bawa la kushoto nililibandika chini juu, nikalikata kwa wembe nikaanza upya. Gundi nilitumia ya viatu, ikaitafuna plastiki ikaacha kovu tumboni. Rangi nimetumia ya kucha. Kijani ilikuwapo dukani Kilindoni, kahawia nikaichanganya mwenyewe. Kile kijitu cha plastiki cha kuketi ndani nimekiweka kando. Sanamu yenye uso siitaki nyumbani kwangu; ndege haina uso wala roho, na hii naiendesha mwenyewe.

Warda jirani yangu alikuja kuomba chumvi, akanikuta nina taa kwenye paji la uso na kibanio cha nyusi mkononi. Akauliza, "Bi Time, unang'oa jino la nani?" Nikamwonyesha. Akakaa mkekani mpaka magharibi, na chumvi akaisahau.

Ningekupigia nikueleze kwa mdomo, lakini simu zangu hupokei, mwaka wa ngapi huu. Nikaona nikuandikie. Barua huwezi kuikata. Sudi anasema bahasha yoyote nitakayompa itapanda ndege siku hiyohiyo.

Haya nijibu. Gundi yenyewe hasa ni ipi? Zile stika za duara mbona hazibanduki? Na umesema shehena nzima ya maboksi. Yana ndege ngapi?

Dada yako,
Time


Kiwalani, Dar es Salaam
11 Februari 2024

Dada Time,

Shikamoo. Barua yako niliisoma stoo nikacheka peke yangu, mpaka fundi mmoja akachungulia dirishani kuuliza kama nina homa.

Gundi ya viatu usiiguse tena, nakuomba sana! Ninakutumia gundi nyembamba kama maji. Unashikanisha vipande viwili vikavu, unagusisha brashi kwenye ufa, inanyonywa yenyewe na plastiki inayeyukiana. Vipande vioshe kwa sabuni kwanza, vina mafuta ya kiwandani. Usivivunje kwenye matawi yake (jina lako hilo nimelipenda), vikate, kisha piga msasa ule laini kabisa. Na stika hazibanduliwi. Kata moja, itie kwenye maji ya vuguvugu, subiri. Itaanza kuteleza juu ya karatasi yake. Hapo ndipo unaisukuma kwa brashi mpaka mahali pake.

Nimefunga pia puti ya kuziba makovu na makopo sita ya rangi ya kweli. Kucha ziachie rangi yake.

Ndege ziko tisa, ukitoa hiyo yako. Nimekuchagulia moja. Hii ni Karavani, dada, ndege ileile inayotua kwenu kila siku kutoka huku. Mhandisi hakuwahi kuifungua. Ina milango inayofunguka na viti ndani.

Jambo jingine dogo. Hapa Dar kuna kikundi cha watu wanaounda ndege hizi, hawazidi kumi na tano. Kila mwaka Julai wanakodi ukumbi, wanazipanga mezani, watu wanaingia kuziangalia na waamuzi wanatoa alama. Mimi nimekwenda mara tatu kutazama tu. Sikuambii ushiriki. Nakwambia kwamba wapo.

Mdogo wako,
Matano


Baleni, Mafia
19 Machi 2024

Matano,

Marahaba, na Ramadhani njema kwako na kwa Safia.

Stika imeteleza! Nilipiga kelele Warda akakimbia kutoka kwake akidhani nimeumwa na tandu. Ile ndege ya kwanza sasa ina duara zake juu ya mabawa, imekauka, inang'aa, nimeiweka juu ya kabati na kila anayeingia lazima nimwonyeshe, atake asitake. Imamu amekuja kuulizia kofia yake akaondoka na maelezo ya nusu saa kuhusu puti.

Lakini Karavani! Karavani ni habari nyingine. Ile ya kwanza sikuwahi kuiona hai, niliiamini picha. Hii naijua. Mimi saa za ndege nipo pale uwanjani nauza kofia kwa wageni, miaka mingapi, lakini nilikuwa naangalia vichwa vya watu. Sasa naangalia ndege. Juzi nimemwomba Sudi anisogeze mpaka kwenye uzio, nikainama nikalichungulia tumbo lake. Je, wajua kwamba ina masizi upande mmoja tu? Upande wa kulia, pale bomba la moshi linapotokea, yanakwenda nyuma kama wanja uliopakwa kwa haraka. Upande wa kushoto safi! Picha ya boksi haina masizi hata kidogo. Wameipiga ikiwa mpya, haijafika Mafia bado. Rubani akaniona nimeinama akauliza, "Mama, unaikagua?" Nikamjibu, "Naikagua."

Naifanya kati ya adhuhuri na wakati wa kuanza kupika futari. Saumu inapita siijui ilipopita.

Sasa nimefika kwenye viti, na hapa nina swali.

Viti vya abiria ni kumi na viwili. Nimeshavipaka rangi vyote, vimekauka, vimepangwa kwenye sahani. Nimebandika kumi na kimoja. Hicho cha mwisho nimekishika kwenye kibanio siku tatu hizi, nakirudisha kwenye sahani.

Siku aliyofariki mama nilikuwa uwanjani. Hujui hilo, sikupata kukwambia. Ulituambia kwenye simu asubuhi kwamba utapanda ndege ya mchana, nikaja mwenyewe kukupokea. Mwili umeshaoshwa, wanaume wamekaa barazani, wanakungoja wewe mwanawe ndio watoke. Ndege ikatua. Nikahesabu walioshuka, kumi na mmoja. Jioni ukapiga ukasema ndege ilijaa, ulikosa nafasi. Lakini Sudi alikuwa na orodha mkononi, akaniambia palepale, "Bi Time, kiti kimoja kimekuja wazi."

Miaka kumi na miwili sijauliza. Nauliza sasa. Ulikuwa wapi?

Dada yako,
Time


Kiwalani, Dar es Salaam
2 Aprili 2024

Dada Time,

Shikamoo. Kuhusu viti, mpangilio wa Karavani hutegemea mwenye ndege. Nyingine huwa na viti kumi na viwili, nyingine pungufu kwa ajili ya mizigo. Kwa hiyo hata ukibandika kumi na kimoja hutakuwa umekosea. Nyayo za viti zinakaa kwenye reli mbili sakafuni, angalia zisiegemee upande.

Nimekutumia brashi namba sifuri.

Matano


Baleni, Mafia
6 Aprili 2024

Matano,

Nimekuuliza habari ya mama, umenijibu habari ya reli.

Brashi nimeipokea. Nimeifunga tena kwenye karatasi yake, na Karavani nimeifunika kitambaa. Sitaigusa mpaka unijibu.

Time


Kiwalani, Dar es Salaam
14 Aprili 2024

Dada yangu Time,

Shikamoo, na Idi iliyopita iwe ya kheri kwako. Hii ni karatasi ya nne. Tatu nimezichana.

Ndege haikujaa. Mimi nilikuwa ndani.

Nilikuwa kiti cha nyuma ya rubani, upande wa dirisha, nimefunga mkanda, begi langu liko chini ya miguu. Nilikuwa nalia, na hakuna aliyenishangaa, maana nilimwambia aliyekaa pembeni yangu kwamba nakwenda kumzika mama. Rubani akawasha injini. Propela ikaanza kuzunguka, mara ya kwanza unayaona mapanga yake, kisha huyaoni tena. Hapo kifua kikanibana. Sikupata pumzi. Nilisikia mtu anapiga kelele "Nishusheni! Nishusheni!" nikashangaa ni nani, kumbe ni mimi.

Rubani alikuwa mtu mwema. Alizima injini, akafungua mlango, akaniuliza kama ninaumwa. Nikashuka nikaenda moja kwa moja stoo, nikajifungia, nikakaa kati ya rafu. Nikaisikia inaruka bila mimi.

Dada, nimefanya kazi ya ndege miaka ishirini na sita na sijawahi kupaa hata siku moja. Watu wanaona ndege nzima. Mimi kazi yangu ni kupokea kipande kilichotolewa kwa sababu muda wake umekwisha, na kutoa kipya. Ndivyo inavyotakiwa, na ndivyo zinavyobaki salama, nalijua hilo kichwani. Lakini mkono wangu umeshika maelfu ya vipande vilivyochoka. Injini ilipowaka niliviona vyote kwa pamoja.

Nilipokupigia jioni nilitaka kukwambia ukweli. Ukapokea, nikasikia nyuma yako watu wanasoma khitma. Nikasema ndege ilijaa. Baada ya hapo kila nilipoona jina lako kwenye simu nilijua utaniuliza, nikawa sipokei. Mwanzo ilikuwa wiki, kisha mwaka. Boti ipo, ningeweza kuja kwa boti wakati wowote. Lakini ningefika na kusema nini kwa wanaume walioningoja barazani? Kwamba mtoto wa marehemu aliogopa?

Safia hajui. Ni wewe wa kwanza.

Bandika kile kiti au kiache, ni sawa. Nisamehe.

Matano


Baleni, Mafia
21 Aprili 2024

Matano mdogo wangu,

Marahaba, marahaba mara mia!

Nimelia, nimecheka, nimelia tena. Warda amekuja kuuliza kuna msiba gani, nikamwambia hakuna msiba, leo kuna harusi. Miaka kumi na miwili nimekuwa nikijisemea kwamba ulituona sisi watu wa shamba, kwamba ulichagua kazi. Mtu mzima nimekaa na kinyongo hicho kama jiwe ndani ya kiatu, natembea nalo, sijui hata kama nachechemea. Kumbe uliogopa! Kuogopa tu! Mbona ungesema? Mama mwenyewe alikuwa akiogopa jongoo.

Jioni ileile uliyosema uongo kwenye simu, na mimi nilikudanganya. Nilikwambia, "Hakuna neno, tumeshamzika." Kuzika kweli tulizika, lakini hilo la kwanza lilikuwa uongo. Neno lilikuwapo. Basi tumelingana.

Kitambaa nimekiondoa juu ya Karavani. Kiti nimekibandika, cha nyuma ya rubani, upande wa dirisha. Nimefunga paa. Nimepiga rangi nyeupe mara tatu, nyembamba, na kila mara msasa katikati. Sasa nasubiri ikauke ili nitie masizi. Mikono haitulii!

Na nimeamua. Julai nakuja kwenye huo ukumbi wenu. Usinibishie. Nimemwambia Sudi akanikatie tiketi ya tarehe tano, nauli imo ndani ya kofia zangu. Mimi pia sijawahi kupanda, wala usidhani uko peke yako. Nimeishi miaka sitini na moja chini ya mlio wa ndege na sijui Mafia inafananaje kutoka juu. Nitakuja na Karavani mapajani, ndege ndani ya ndege.

Na kurudi, tarehe saba, Jumapili, Sudi atakata tiketi mbili.

Dada yako,
Time


Kiwalani, Dar es Salaam
23 Juni 2024

Dada Time,

Shikamoo. Naandika haraka, mtu wa mizigo anasubiri mlangoni.

Karavani USIIWEKE kwenye begi la chini. Iweke ndani ya boksi gumu, toboa sponji iwe na umbo la tumbo lake, na mabawa yasiguse kitu. Propela itoe, uifunge peke yake kwenye pamba. Boksi lishike wima. Ukipata joto kali usiliache juani, rangi itavimba.

Kikundi kimekubali jina lako. Nilipowaambia ni mwanamke anayeshona kofia Baleni walinitazama. Nikawaambia wasubiri.

Safia nimemweleza yote. Amenipiga kofi la bega kisha akanipikia biriani. Sijamwelewa.

Kuhusu tarehe saba, sijasema ndiyo. Nakuomba usiseme kwa watu wa nyumbani kwamba nakuja.

Mdogo wako,
Matano


Baleni, Mafia
14 Julai 2024

Matano,

Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke Alhamisi. Warda amekuulizia. Imamu amekuulizia. Hata wewe mwenyewe ungekuwapo ungejiulizia.

Kuna kitu sikukwambia, maana ulipotoka ukumbini kwenda kuswali adhuhuri kilitokea, na uliporudi tulikuwa na haraka ya matokeo, kisha nikasahau kwa furaha.

Waamuzi walipofika mezani kwangu walikuwa watatu. Yule mrefu mwenye kalamu sikioni akaitazama Karavani akatikisa kichwa. Akaniambia kwa upole, kama mtu anayemsemesha mgonjwa, "Mama, umefanya kazi nzuri sana, ila hapa chini rangi imekuchafukia. Na imekuchafukia upande mmoja."

Matano, damu ilinipanda! Lakini nikatulia. Nikamuuliza, "Baba, bomba la moshi la Karavani liko upande gani?"

Akawatazama wenzake. Mmoja akatoa simu akaanza kutafuta picha.

Nikamwambia, "Usitafute. Liko kulia. Moshi unatoka kulia, upepo unaulaza kwenye tumbo, unakwenda mpaka karibu na mlango wa mizigo, pale unafifia. Na huku kwenye miguu ya mbele utaona nimechomachoma kwa sindano. Hizo ni alama za mawe madogo yanayorushwa na gurudumu. Na kwenye ngazi ya nyuma rangi imekwisha katikati, kwa sababu watu wanakanyaga katikati. Hii sikuitoa kwenye boksi. Hii nimeisimamia uzioni."

Yule mrefu akapiga magoti, Matano. Mtu mzima na suruali yake ya kunyooshwa, akapiga magoti sakafuni akaangalia kwa chini mpaka wenzake wakaondoka wakamwacha. Alipoinuka akaniambia, "Mama, mimi nimeunda Karavani nne. Leo nakwenda nyumbani kuzipaka masizi."

Hiyo ndiyo zawadi yangu. Ile ya mshindi wa pili nimeitundika, sawa, lakini bado sijaelewa. Wa kwanza amenishinda na ndege ya vita iliyochorwa meno puani! Ndege gani ina meno? Mwakani tutaonana.

Sasa na wewe una deni la maneno. Ndani ya ndege hatukusemezana hata moja, nami nilikuwa dirishani. Tulipotua ukanyamaza mpaka Baleni. Kesho yake mkaenda makaburini na Mfaume, mmoja wa wale waliokungoja barazani, mkarudi mchana mna udongo mpaka magotini, na hakuna aliyesema kitu. Nimevumilia siku saba. Niambie.

Ile ndege yenye injini mbili uliyonichagulia nilipokuwa Dar nimeshaifungua. Vipande mia na arobaini!

Dada yako,
Time


Kiwalani, Dar es Salaam
18 Julai 2024

Dada Time,

Shikamoo.

Nitakwambia, ila usikasirike.

Usiku wa kuamkia Jumapili nilikuwa nimeamua kwamba sipandi. Asubuhi nilikusindikiza uwanjani na hotuba yangu imekamilika kichwani. Ulipopanda ngazi, boksi limeshikwa wima kama nilivyokuagiza, nikaona aibu kukwambia mbele ya watu, nikapanda nyuma yako ili nikwambie ndani. Nikakaa. Nikafunga mkanda. Nikafungua mdomo.

Na wewe wala hukuwa ukinitazama! Paji lako la uso lilikuwa limegandishwa kwenye kioo. Injini ilipowaka mkono wangu ulikwenda kwenye mkanda, kifua kikaanza kubana vilevile kama zamani. Nikageuka nikusemeshe, nikakukuta unamgonga bega mgeni wa mbele yako, mzungu wa watu ambaye hajui Kiswahili, unamwambia, "Ona! Ona! Bawa lile, kipande cha nyuma kinashuka! Kile mimi nimekibandika mwenyewe!" Mgeni akaangalia. Na mimi nikaangalia. Nilipokuwa bado naangalia kile kipande, magurudumu yakaacha ardhi.

Dada, ungenishika mkono ningeshuka. Ungeniambia "usiogope" ningeshuka. Ulinisahau kabisa, na mimi nikapata nafasi ya kujisahau.

Niliogopa njia nzima, sitakudanganya. Jasho lilinitoka mpaka soksi. Lakini niliona. Niliuona mto Rufiji unavyojigawa kabla ya kufika baharini, kama mizizi iliyolala. Nikaona maji yanabadilika rangi, kahawia, kijani, kisha ile bluu isiyo na jina. Kisha Mafia ikatokea, nzima, pembe zake zote, na minazi imejaa mpaka ukingoni. Sikujua kama ni nzuri hivyo. Nilinyamaza mpaka Baleni kwa sababu ningesema neno moja ningelia mbele ya dereva wa bodaboda.

Sasa ya makaburini.

Mfaume ndiye aliyechimba kaburi la mama, hilo unalijua. Tulipofika alinionyesha, tukasoma Fatiha, tukasimama. Kisha akasema, hakupandisha sauti, "Matano, siku ile tulikungoja mpaka alasiri ikakaribia."

Nikamwambia, "Najua. Nilikuwa nimeshapanda ndege. Nikashuka kwa woga."

Ndiyo mara ya kwanza kulitamka mbele ya mwanamume. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu, acheke, atikise kichwa, anipe mawaidha. Mfaume alinitazama tu. Kisha akalitazama kaburi, akalitazama na kaburi la baba pembeni, akasema, "Nyasi zimezidi hapa. Shika jembe."

Alikuwa amekuja na majembe mawili. Tukalima. Tukasafisha la mama, la baba, na ya watu wawili ambao hata hakunitajia majina yao. Jua likatupata. Akanipa maji, tukanywa kwenye chupa moja. Hakuniuliza tena.

Alhamisi nilirudi peke yangu, kama ulivyoona. Usilolijua ni kwamba rubani aliuliza nani anataka kiti cha mbele, kando yake, na mkono ulioinuka ulikuwa wangu. Nimeiona njia ya kurukia ya Dar inanijia usoni! Nimewaeleza watu wote wa hanga, kila mmoja mara mbili.

Mimi na Safia tumeshakata tiketi za mwezi ujao. Boksi la nne nitalibeba mwenyewe.

Mikono yangu ina malengelenge ya jembe. Ijumaa asubuhi, kabla sijamweleza mtu yeyote, fundi mmoja alikuja stoo kuchukua boliti, nikampa, akayaona. Akaniuliza, "Mzee Matano, umefanya nini mikononi? Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Nikamwambia, "Nilikuwa nyumbani."

Mdogo wako,
Matano